Kompyuta ya mezani inawaka sekunde mbili kisha inazima

Swali
Ndugu mafundi, habari za kazi. Kompyuta ya mezani ninayoitumia dukani kuchapa barua inanisumbua kila asubuhi kwa wiki ya tatu sasa. Nikibonyeza kitufe, feni huzunguka sekunde mbili hivi, kisha hunyamaza bila mlio wowote na kioo kikiwa cheusi. Nikirudia mara tano au sita huwaka, na ikishawaka hufanya kazi mpaka jioni. Waya wa ukutani nimeshaubadilisha. Nimeambiwa mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, imekufa, na bei niliyotajiwa inakaribia ya mashine nyingine iliyotumika. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

Jibu la kwanza
Pole sana, ndugu. Chomoa umeme, toa RAM (kibao cha kumbukumbu ya muda), safisha miguu yake kwa kifutio cha penseli, kisha uirudishe mpaka vibano vijifunge. RAM iliyolegea huweza kuizuia mashine kuwaka.

Jibu la pili
Kusafisha RAM hakuna ubaya, lakini tuzingatie alichosema mwenyewe, kwamba mashine ikishawaka hudumu kutwa nzima. Kugoma asubuhi na kukubali baada ya majaribio kadhaa ni dalili ninayoikuta mara nyingi kwenye pawa saplai (kisanduku kinachoigawia mashine umeme) ambayo kapasita zake, yaani vifaa vidogo vya kuhifadhi na kutuliza umeme, zimechoka: zikiwa baridi hushindwa kuutuliza umeme, zikipata joto kidogo hujikongoja. Kapasita za mazabodi nazo huchoka vivyo hivyo, kwa hiyo zitazame zile zilizo karibu na prosesa (chipu kuu), uone kama vichwa vyake vimevimba au vimevuja.

Ukiwa na multimita (kipima umeme), waya wa zambarau wa pawa saplai unapaswa kusoma volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa ukutani, na ule wa njano usishuke chini ya volti 11.4 mashine ikiwa imewaka. Hata hivyo, mita nyingi huchelewa kuonyesha mshuko wa muda mfupi, na ndiyo maana mimi hupendelea kuazima pawa saplai nzima na kuijaribu asubuhi, kabla mashine haijapata joto. Linganisha plagi kwanza, kwa kuwa baadhi ya kompyuta za ofisini zina plagi za aina yake. Nakusihi usiifungue pawa saplai yenyewe, kwa sababu kapasita yake kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Mwenye swali
Nashukuru sana. Kapasita za mazabodi zote ni bapa. Nimeazima pawa saplai kwa jirani, na leo imewaka kwa mara ya kwanza tu nilipobonyeza. Umeme wa mtaani kwetu hukatika na kurudi kwa nguvu. Je, nikinunua mpya niifungie stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme?

Jibu la pili
Ndiyo, chagua yenye kuchelewesha umeme unaporudi. Lakini jaribu asubuhi mbili zaidi kwa hiyo ya kuazima, ndipo ununue.