Pombe ilishushaje sukari ya kaka yangu?

Dada wa Kayole
Habari za jioni wote. Kaka yangu ni dereva wa matatu, ana miaka 34, hana kisukari. Jumamosi alishinda akinywa, na chakula chake cha siku nzima kilikuwa vipande viwili vya mutura pale stejini. Jumapili asubuhi nilimkuta kitandani ametota jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu mama. Nilidhani ni ulevi wa jana. Jirani ndiye aliyesisitiza tumpeleke zahanati. Kumdunga kidole, sukari ni 2.4! Wakamtundikia dripu, na haikufika nusu saa akauliza simu yake iko wapi.

Swali langu ni hili. Pombe si inatengenezwa kwa nafaka, na watu si husema inanenepesha? Imeshushaje sukari? Nisaidieni jamani, tumebaki wawili tu kwetu.

Tabibu wa Mtaani
Pole sana dada, na umshukuru huyo jirani. Sukari ya nafaka huliwa na chachu wakati wa kuchachuka, ndiyo inayogeuka pombe. Pombe ina kalori 7 kwa kila gramu, karibu sawa na mafuta yenye 9, lakini mwili hauwezi kuirudisha kuwa sukari.

Usipokula, anayelisha ubongo ni ini. Lina akiba iitwayo glaikojeni, ambayo hukaribia kwisha mtu akikaa siku nzima bila chakula. Hapo ini huanza kutengeneza sukari mpya kutokana na vitu kama protini za misuli. Sasa pombe haina ghala mwilini, kwa hiyo ini huivunja kwanza: inakuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, kisha asetati. Kazi hiyo hujaza seli za ini haidrojeni, nayo huziba njia ya kutengeneza sukari mpya. Haidrojeni hiyohiyo huzuia ini kuchoma mafuta, yakarundikana humohumo. Basi yote mawili, ulilosikia na uliloliona, ni kweli: ini linanenepa huku damu inapungukiwa sukari.

Kinachoniumiza ni kwamba dalili zake hufanana na ulevi, na watu humwacha mgonjwa alale "mpaka pombe iishe". Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe soda au chai yenye sukari nyingi. Akiwa hajitambui, usimmiminie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Dereva wa Zamani
Dada yangu, nimeendesha matatu miaka 11, naomba umwambie kaka hili pia. Ile chupa ndogo ya pombe kali tunayoiita robo, yaani mililita 250, yenye asilimia 40, ina karibu gramu 79 za pombe. Ini la watu wengi humaliza gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa haiongezi mwendo, kuoga maji baridi hakuongezi. Aliyemaliza robo saa nne usiku anaweza kuwa bado anayo damuni saa kumi na moja alfajiri akitoa gari la kwanza. Mimi nilijua baada ya alkoblo, kile kipima pombe cha polisi, kunishika asubuhi, nikiapa sijaonja tangu jana yake. Nilikuwa na abiria 14 nyuma yangu.

Dada wa Kayole
Asanteni sana. Sikujua yeye hunywa kila siku, ameniambia leo. Anasema anaacha kabisa kuanzia kesho.

Tabibu wa Mtaani
Heko kwake, lakini asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Anayekunywa kila siku anaweza kupata kifafa siku ya kwanza au ya pili. Muone daktari kwanza, apewe dawa za kumtuliza na vitamini B1, ambayo pombe huimaliza na ubongo unaihitaji kutumia sukari. Mkikwama, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192.

Dada wa Kayole
Nimeandika namba ukutani. Ameingia sasa hivi, namwekea ugali na sukuma kwanza, halafu ndipo tuzungumze.