Mtoto wa miaka 4 anang'ata wenzake chekechea, nifanyeje?

Mama Nasri: Habari za jioni wapendwa. Mwanangu yuko chekechea hapa Mbagala. Leo mwalimu kaniita tena: kamng'ata mwenzake mkono, wanagombea bembea. Nyumbani akinyang'anywa simu anajitupa chini na kupiga kelele mpaka majirani wanatoka. Baba yake anasema fimbo itamnyoosha, mimi moyo unakataa. Ni umri tu au kuna tatizo?

Bibi Tanga: Pole mwanangu. Tazama kwanza usingizi na tumbo. Mtoto aliyelala saa tano usiku, akatoka bila uji, atagombana na kila mtu. Akianza vurugu chuchumaa, mshike mikono, ongea naye taratibu.

Mwalimu wa Awali: Mama Nasri, nafundisha watoto wa umri huo. Ugomvi wa bembea uko kila muhula. Uwezo wa kujizuia ndio kwanza unakua, na ubongo unaendelea kukomaa hadi utu uzima. Fimbo itamfanya akuogope wewe, ukiondoka, anang'ata.

Mimi ningeanza na ahadi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwapa watoto wa miaka 3 hadi 5 peremende laini moja, kwamba asiyeila akasubiri, anaongezwa ya pili. Walioahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea muda mfupi kabla, visiletwe, walivumilia wastani wa dakika 3. Walioletewa, dakika 12! Mtoto anayeambiwa kila siku "subiri, kesho nitakununulia", na kesho haifiki, kwa nini asinyakue cha leo?

Kwa hiyo ahidi vidogo unavyoviweza. "Nikimaliza kusonga ugali nakubeba." Ukiepua tu, mbebe, hata kama umechoka. Kwenye bembea, kwangu anayesubiri ndiye anayehesabu kwa sauti hadi ishirini, kisha wanabadilishana. Akiwa na kazi ya kuhesabu, mikono inatulia.

Ila nikuulize: anaongea sentensi nzima? Ukimwita kwa nyuma anageuka?

Mama Nasri: Asante sana mwalimu. Anaongea maneno mawili matatu, mengine anaonyesha kwa kidole. Kugeuka, mpaka nipaze sauti. Nilidhani ni ukaidi.

Mwalimu wa Awali: Basi usingoje, mpeleke hospitali wampime masikio, na uwaeleze habari ya maneno pia. Asiyeweza kusema "zamu yangu" atatumia meno. Baba yake naye aende, akasikie mwenyewe.