Tupeane uzoefu: nani mwengine websaiti yake ilizama Google kwa makala za ovyo?

mtembezi_mji_wa_kale
Mimi natembeza wageni Mji wa Kale, Mombasa, kuanzia Fort Jesus mpaka bandari ya zamani. Websaiti yangu ilikuwa na kurasa 5 tu nimeandika mwenyewe, na mgeni akitafuta mtu wa kumtembeza natokea juu juu pale. Akaja kijana mmoja, ati mzee Google yapenda websaiti nene. Nkampa pesa, wikendi moja akanitolea makala 80 za ChatGPT. Sikuzisoma, hilo kosa langu. Siku moja mgeni ananitumia skrinshoti WhatsApp auliza kama twaenda Fort Jesus kwa boti, maana makala yangu imesema ngome iko Diani. Diani jamani, uvuke feri ya Likoni kwanza! Machi 2024 Google wakatoa yale mabadiliko yao makubwa, wakasema waziwazi wanawaandama wanaomwaga kurasa kwa wingi ili wapande tu, basi nami nkashuka na maji, WhatsApp ikanyamaza wiki mbili. Leteni zenu.

fundi_friji_bamburi
Pole mzee. Mimi hata ChatGPT sikuhitaji, ujinga wangu ni wa mkono 😂. Nlifungua ukurasa wa Nyali, Mtwapa, Kisauni, Likoni, Tudor, maneno yale yale nabadilisha jina la mtaa. Pahali nkasahau, ukurasa wa Likoni ukawa wasema "fundi wenu wa Mtwapa". Mwanzo simu zilikuja, siwadanganyi, halafu zote zikapotea pamoja na ukurasa mkuu ambao haukuwa na kosa. Nimefuta nkaacha mmoja, nkaandika nnayokutana nayo kazini, vile chumvi ya bahari inavyokula mashine ya nje ya AC kwa nyumba za ufuoni na kwa nini ya mtu wa Nyali yataka kuoshwa mapema kuliko ya mtu wa Miritini, kule mbali na ufuo. Huo ndio unaoniletea simu sasa.

mama_leso
Niko Biashara Street. Maelezo nlikopi kwa aliyeniuzia jumla, kumbe wenzangu wote wamekopi hapo hapo, sasa Google ituonyeshe wangapi maneno yakiwa mamoja? Si adhabu, yachagua mmoja wengine twafichwa. Mwanangu akaniambia mama andika jina la leso, ule msemo ulioandikwa juu yake. Wallahi sikujua watu watafuta leso kwa jina lake! Mtu yuko Muscat amekumbuka leso ya bibi yake, aandika lile jina lote kwa simu. Siku hizi kila leso napiga picha mji na pindo, jina nalinakili herufi kwa herufi, nasema ni pamba tupu au imechanganywa, na kama yatoa rangi nasema yatoa rangi, mara ya kwanza ifue peke yake. Mteja mmoja alinambia kanunua kwangu kwa sababu ya hilo la rangi.

kaka_tudor
Mi nawaomba msikimbilie kulaumu maandishi. Nlifuta makala zangu nzuri kabisa, nimelia nazo, kumbe fundi wa websaiti alipobadilisha muundo aliacha alama ya noindeksi, yani tumeiambia Google wenyewe isituweke. Na Search Console, chombo cha Google cha kukuonyesha websaiti yako inavyoonekana kwao, ilikuwa imeandika wazi, ni ya bure, sikuwahi kuifungua. Ingieni huko kwanza muone ukurasa gani umeshuka na tangu lini.

keki_za_mtwapa
Kwa hivyo ChatGPT tuiache kabisa? Na mzee ulirudi au bado?

mtembezi_mji_wa_kale
Dada, Google hawajaikataza, wao wasema hawaangalii nani kaandika, waangalia kama yamfaa msomaji. Zangu hazikumfaa hata mimi. Nimefuta 74, zile 6 nimeandika upya nikitembea na daftari. Nimerudi nusu hivi, miezi saba, kwa maneno mengi wanayotafuta watu bado niko ukurasa wa pili wa Google. Ukurasa wangu ulopanda ni mmoja, wa milango ya nakshi, nimeandika mlango gani wapigwa na jua saa ngapi asubuhi na mwenye nyumba yupi hataki picha mpaka umbishie hodi.

Yule kijana kanipigia jana. Ana ofa ya makala 200.