Naishi kwenye Coaster, paa linavuja, na fundi ndiye mwenye uwanja ninapopaki. Nimwambieje?

Mama Mnada
Wakuu habari za mchana, na wa kuamkiwa shikamooni.

Nina Coaster iliyostaafu udaladala. Niling'oa viti, nikaweka kitanda, kabati, jiko la mtungi mdogo na madumu ya maji. Ndiyo nyumba, ndiyo stoo: mchana nashusha mabelo ya mitumba, usiku nalala humohumo. Msimu wa korosho nafuata hela zilipo, Tandahimba, Newala hadi Masasi; ukiisha narudi Mikindani. Ushauri wa kupanga chumba siutaki. Nilishapanga, nikawa nalipia kitasa.

Shida ni paa. Mikindani napaki uwanjani kwa fundi mmoja wa magari, na mke wake ni shosti wangu hasa. Tunapika pamoja, na nilipozidiwa na malaria ni yeye aliyenikimbiza hospitali ya Ligula usiku. Sasa huyu shemeji kila mvua ikinyesha anapanda juu na tyubu ya silikoni, anapaka, anashuka, anasema, "Hapo dada, hata tone." Mvua inayofuata tone linanitua usoni. Hela hachukui. Ukimpa anasema tutaonana, basi napeleka sukari au nguo za watoto.

Safari hii belo la magauni limepata ukungu. Nataka kulipeleka gari kwa fundi bodi mjini Mtwara, lakini Mikindani ni padogo, atajua kabla sijafika mnarani. Nimwambieje tusivunjiane heshima?

La pili, betri ya sola inakata kabla ya adhana ya alfajiri. Feni inasimama, mbu wanaanza kazi.

Kijana wa Ligula
Dada uza hilo gari ununue kiwanja Naliendele, utanishukuru.

Mama Mnada
Kaka, kiwanja nitakivuta kwenda mnadani Newala?

Fundi Bodi Lindi
Dada, shemeji yako anaziba tone linapoangukia. Maji kwenye Coaster hayaingii pale unapoyaona. Yanaingilia kwenye tundu la boliti, yanatembea juu ya mbavu za paa ndani ya dari, yanashuka yakipata mwanya. Unaweza kuvujiwa kitandani na tundu likawa kule juu ya mlango.

Fungua dari kwanza, ndipo utafute. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji. Mwageni kidogo kidogo, mkianzia chini kwenye raba za madirisha, mfuate mfereji wa pembeni, juu kabisa mmalizie. Mkianza juu kila kitu kitalowa na hamtajua maji yameanzia wapi. Mimi nashuku boliti za keria na za paneli ya sola, hasa kama walitoboa bila kuweka washa (pete) za mpira.

Halafu hiyo silikoni. Kama inanuka siki ikiwa mbichi, iondoeni yote. Ile ina asidi, ikikaa kwenye chuma kitupu inaleta kutu. Isitoshe, silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, na rangi haishiki juu ya silikoni yoyote. Kwangueni hadi chuma, pigeni msasa, rangi ya kuzuia kutu, kisha gundi ile wanayobandikia vioo vya mbele vya magari. Hiyo inavutika, na barabara za huko juu unazijua, bodi inalia njia nzima.

Na kwa kuwa unapaki karibu na bahari, osha gari kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi mara kwa mara, chini pia. Kusi ikivuma inaleta chumvi usiyoiona.

Bibi Chikongola
Mwanangu marahaba. Fundi asiyechukua hela humwezi. Huwezi kumdai kazi, huwezi kumkaripia, na sukari yako anaihesabu ni ujirani, si malipo. Usipitie kwa mkewe, utamgombanisha na mumewe kwa jambo la bati. Mwendee mwenyewe jioni akiwa ametulia, umwambie, "Shemeji, paa limetushinda mimi na wewe, nisindikize kwa fundi bodi, wewe ndiye unayelijua hili gari." Akienda kama msimamizi heshima yake iko palepale.

Mtoto wa Mingoyo
Bibi kwa heshima zote, hapo sikubaliani. Akimpeleka yeye, mafundi watajuana na bei itapanda. Dada subiri safari ya Masasi, tengenezea hukohuko, rudi na paa zima. Nani atauliza?

Bibi Chikongola
Atauliza mvua ya kwanza isipovuja. Na shemeji yako atakapoliona paa jipya, sukari itarudishwa mlangoni.

Mama Mnada
Bibi umenifumbua. Masasi nilikuwa nimeshapafikiria, nasema ukweli.

Umeme wa Jua
Nije kwenye betri. Ni ya aina gani, na hapo uwanjani gari limepaki wapi?

Mama Mnada
N100 ya kawaida ya gari, nilinunua mpya. Gari liko chini ya mwembe, shosti ndiye aliyenichagulia kivuli.

Umeme wa Jua
Basi umeona. Kivuli kizuri kwako ni njaa kwa paneli. Hata tawi moja likiifunika kipande, umeme unashuka sana. Betri ya kuwashia gari nayo haikutengenezwa kwa kunyonywa usiku kucha. Pima kwa mita asubuhi kabla jua halijaigusa, feni na taa zimezimwa. Ikisoma volti 12.6 imejaa, 12.2 iko karibu nusu, na ikishuka chini ya 12 kila siku unaiua. Ng'oa paneli juu ya paa, uiweke juani kwa waya mrefu mnene, wewe baki kivulini. Na matundu mawili matatu ya boliti yatakuwa yamepungua. Ukija kununua betri, nunua ya sola.

Fundi Bodi Lindi
Hapo kwenye paneli namuunga mkono. Na neno moja la jiko: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini, kwa hiyo weka tundu la kupumulia sakafuni. Jiko la mkaa usiingize kabisa, hata mvua inyeshe vipi.

Mama Mnada
Wakuu mrejesho. Nimemwendea jana baada ya magharibi na maneno ya Bibi kama yalivyo. Alinyamaza, akacheka, akasema silikoni ilikuwa inamtia aibu hata yeye. Kumbe fundi bodi anaye, walisoma wote. Nimesema gharama zote ni zangu na ya kwake atachukua, mkewe akadakia, "Atachukua!" Leo ameanza kufungua keria. Nati mbili zimegoma kwa kutu, anauliza azipashe moto?

Fundi Bodi Lindi
Asiwashe moto wowote! Chini yake kuna dari ya kitambaa. Apake dizeli zilale nayo, kesho zikigoma akate na msumeno wa chuma. Na godoro litoke kwanza, vumbi la kutu halifutiki.