Mawazo yapo kiwandani kwetu Nakuru, lakini yanafia njiani. Nianzie wapi?

Bonde_Kazi (Nakuru):
Wadau, habari za jioni. Nafanya kazi katika kiwanda cha maziwa hapa Nakuru, kampuni ya miaka mingi yenye taratibu zake. Mkurugenzi amenikabidhi jukumu la kujenga utamaduni wa ubunifu, maana kampuni changa zinatunyang'anya wakulima. Sanduku la maoni lipo karibu na kantini. Lilipofunguliwa juzi lilikuwa na malalamiko ya chakula, basi.

Lakini watu wana mawazo. Lori letu huanza kukusanya Njoro, linapanda hadi Mau Narok, kisha linarudi mjini. Maziwa ya Njoro yanazunguka juani safari nzima kabla ya kuona tangi la kupozea, na siku za joto mengine yanakataliwa kwenye vipimo. Dereva mmoja akasema tupande tupu, tukusanye tukishuka. Msimamizi akamjibu kwamba kazi yake ni kuendesha. Wazo halikukubaliwa wala halikukataliwa. Liliachwa hivyo hivyo. Dereva huyo sasa yuko kwa washindani wetu, na jambo hilo linaniuma kweli.

Nifanye nini ili lisijirudie? Bajeti ni ndogo. Wakubwa wanafikiria semina hotelini na tuzo ya mfanyakazi mbunifu wa mwaka.

Nyalenda_Fundi (Kisumu):
Ndugu, achana na semina kwanza. Mtu akitoa wazo anataka jibu. Toyota walianzisha mfumo wao wa mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951, na kilichoupa nguvu ni kwamba mapendekezo yanasomwa, yanajibiwa, na hata madogo yanatekelezwa. Kwao fundi akiona kasoro anavuta kamba au anabonyeza kitufe cha kuita msaada, kiongozi wa kundi anakuja pale pale, na tatizo lisipotatuliwa mashine zinasimama. Hebu fikiria uzito wa ruhusa hiyo kwa mtu wa chini kabisa.

Weka ubao mahali watu wanapokunywa chai ya saa nne. Wazo, aliyelitoa, anayelishughulikia, siku ya kujibiwa. Likikataliwa, sababu iandikwe hapo hapo.

Mama_Zamu (Kakamega):
Naona mnapita mbali na jambo lenyewe. Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani kwa muda mrefu, na nawaambia watu hawanyamazi kwa kukosa akili. Wanaogopa. Nikionyesha kwamba kazi ya kufungasha inaweza kufanywa na watu wanne badala ya sita, wale wawili wanakwenda wapi? Mmoja wao labda ni jirani yangu, tena tuko chama kimoja. Nani atamsaliti mwenzake kwa ajili ya cheti na picha na mkurugenzi?

Kwa hiyo Bonde_Kazi, kabla ya ubao, mwombe mkurugenzi atamke na aandike: hakuna atakayefutwa kazi kwa sababu ya wazo lililotoka kwa wafanyakazi. Wanaozidi huku wapelekwe kule kwenye upungufu. Chama cha wafanyakazi kiwepo siku hiyo. Akikataa kuandika, usiwaombe watu mawazo, utakuwa unawaomba wajichimbie kaburi.

Na jambo la pili: jaribio likienda vibaya, hasara ni ya nani? Nimeona mtu akikatwa mshahara kwa maziwa yaliyoharibika wakati wa jaribio ambalo bosi mwenyewe aliliidhinisha. Kiwanda kizima kilikaa kimya baada ya hapo.

Kijana_wa_Eldoret:
Mama amesema kweli. Naongeza kuhusu kujaribu kidogo kidogo. M-Pesa tunayoitumia sote haikutoka kwa vijana wanaoanzisha kampuni gerejini. Ilitoka ndani ya Vodafone na Safaricom, kampuni kubwa. Majaribio ya 2005 yalilenga watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na waliosimamia wakawa na masikio ya kulisikia hilo. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikokuwa mbele. Wangeng'ang'ania mpango wa kwanza, leo tungekuwa na historia nyingine.

Milimani_Mhasibu (Kisumu):
Tuzo ya mwaka msiitoe. Itamfurahisha mmoja na kuwavunja moyo wengi. Afadhali wazo likiokoa pesa, kundi lililolitekeleza lipate sehemu yake kwenye mshahara wa mwezi huo.

Na msidhani ukubwa unawalinda. Mhandisi wa Kodak, kampuni ya filamu za kamera, Steve Sasson, alitengeneza kamera ya kidijitali mwaka 1975 humo humo ndani. Kampuni iliendelea kuitegemea filamu iliyokuwa ikiipa faida, na mwaka 2012 ikafilisika na kuomba mahakama iikinge dhidi ya wanaoidai.

Bonde_Kazi (Nakuru):
Asanteni sana, nimeandika yote. Mama_Zamu, hilo la hofu sikulipa uzito unaostahili. Barua naiandaa usiku huu, na mwakilishi wa chama ataisoma kabla ya mkurugenzi. Jaribio la kwanza nataka liwe la njia ya Mau Narok: lori moja, wiki mbili, tuhesabu lita zinazokataliwa na kulinganisha na njia ya zamani. Na jina la yule dereva litakaa ubaoni hata kama ameondoka.

Mkulima_Njoro:
Mimi ni mmoja wa hao mnaowachukulia maziwa, kwa hiyo naomba mnisikilize. Lori likianza juu, kwetu litafika saa ngapi? Wengi wetu hukama alfajiri, na hatuna mashine ya kupoza. Mkichelewa, maziwa yatachachia kwangu badala ya kuchachia kwenye lori, na broka tayari yuko langoni saa moja asubuhi na pesa taslimu. Labda tunaweza kukama baadaye kidogo, labda mtuwekee tangi dogo hapa kituoni. Njooni mtuulize kabla hamjabadilisha ratiba. Jumamosi huwa tunakutana kituoni tukishamaliza kukabidhi maziwa.