Naomba ushauri: interpolesheni ya CT ya kichwa, nishike njia gani?

Mtu_wa_Kondele:
Hamjambo wadau. Niko Kisumu, mwaka wa mwisho chuoni. Mradi wangu ni programu ya kupima kiasi cha damu iliyovuja ndani ya fuvu kwa kutumia picha za CT. Picha nilipewa na hospitali moja huku magharibi baada ya kupata kibali cha kamati ya maadili. Kila kipande ni 512 kwa 512 na pikseli ina upana wa milimita 0.45, lakini kutoka kipande kimoja hadi kingine ni milimita 5. Nikiigeuza nione kichwa kwa ubavu, fuvu linakuwa kama ngazi.

Nataka kufanya interpolesheni, yaani kukadiria vipande vya katikati ambavyo havikupigwa, ili nipate vokseli (pikseli za pande tatu) za mchemraba, milimita 1 kila upande. Msimamizi wangu anasema nitumie kyubiki, inayopitisha mkunjo kwenye vipande kadhaa jirani, kwa sababu picha inatoka kali. Mwenzangu anasema linia, yaani mstari mnyoofu kati ya vipande viwili, inatosha. Nimejaribu zote na kila moja ina vituko vyake. Kwa linia, lebo (namba ninazoipa kila vokseli kuonyesha ni kitu gani) zimeharibika: 1 ni damu, 2 ni maji ya ubongo, 3 ni mfupa, na sasa pale damu inapogusana na mfupa kumezuka ukanda mwembamba wa 2 ilhali hapo hakuna maji hata tone. Kwa kyubiki, kuna kivuli cheusi kinachofuata fuvu kwa ndani. Natumia Python na maktaba yake ya picha za tiba, SimpleITK.

Lanet_Jioni:
Kabla hujaendelea, majina ya wagonjwa umeyafuta? Hukaa ndani ya tegi (sehemu za maelezo) za DICOM, aina ya faili za picha za hospitali, hata ukibadilisha jina la faili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina utani.

Mtu_wa_Kondele:
Yalifutwa kule kule hospitalini kabla sijakabidhiwa.

Bi_Njoro:
Kwa lebo hakuna mjadala. Hizo namba ni majina tu. Linia ikikuta 1 upande huu na 3 upande ule, katikati inaandika 2, na haina habari kwamba 2 kwako ni maji. Tumia sitkNearestNeighbor, yaani jirani wa karibu. Ngazi zitabaki kwenye kingo. Ukitaka ziwe laini, fuata njia ya Raya na Udupa ya 1990: kwenye kila kipande hesabu umbali wa kila pikseli hadi ukingo wa umbo, chanya ndani, hasi nje, kisha kadiria umbali huo kati ya kipande na kipande na ukate pale penye sifuri. Fanya lebo moja moja.

Kivuli cheusi ni tabia ya kyubiki yenyewe. Baadhi ya uzito wake ni hasi, kwa hiyo ikitoka kwenye mfupa wa Hounsfield 1000 (kipimo cha CT cha jinsi kitu kinavyozuia eksirei) na kuingia kwenye ubongo wa 35 hivi, inazama chini ya thamani halisi kabla haijatulia. Ile aliyoieleza Keys mwaka 1981 inafanya hivyo, na ile ya spilaini, aina nyingine ya mkunjo, pia. Dirisha la ubongo, yaani sehemu ya kipimo hicho inayoonyeshwa kwenye skrini, kwa kawaida lina upana wa 80 tu, kwa hiyo ukizama 20 jicho linaona mara moja. Tena ni pale pale inapojificha damu ya chini ya dura, utando mgumu unaofunika ubongo! Msimamizi wako yuko sawa kwamba kyubiki ni kali zaidi, nami kwa MRI ya vipande vyembamba naitumia bila wasiwasi. Lakini pengo la milimita 5 kando ya fuvu? Linia.

Linia nayo ina gharama yake. Kipande kinachoangukia karibu na katikati ni mchanganyiko wa viwili, na chenga zake (kelele za picha) hushuka hadi kama asilimia 70 ya zile za picha halisi. Ukipitisha rundo haraka utaona laini, chenga, laini, chenga. Kwa mtu anayechambua mparuzo wa tishu hilo ni balaa. Kwako si kitu.

Halafu angalia thamani ya nje ya picha. SimpleITK usipoiambia hujaza 0, na kwenye CT 0 ni maji. Weka -1000, ambayo ni hewa.

Ila mbona unakadiria kabisa, kama kazi ni kupima damu? Hesabu vokseli za damu kwenye picha asilia. Zako ni 0.45 × 0.45 × 5, karibu milimita moja ya ujazo, kwa hiyo vokseli 1,000 ni kama mililita moja. Ukishuka hadi milimita 1, vipande vinne kati ya vitano ni vya kukisia. Vitumie kutazama na kuchora umbo la pande tatu. Kipimo kiache kwenye picha ya mashine.

Manyatta_Kodi:
Siku hizi kuna AI za kujaza hivyo vipande, na picha inatoka safi ajabu.

Eksirei_Lurambi:
Huo usafi ndio unaonitisha. Ikichora tone la damu ambalo mashine haikuliona, utalitofautishaje na la kweli? Acha hiyo ibaki mradi wa mtu mwingine.

Mtu_wa_Kondele, mimi niko upande wa mashine. Mara nyingi skana huchukua data kwa vipande vyembamba, kisha sisi tunatuma vya milimita 5 ili daktari asome haraka na diski zisijae. Kama kichwa kilipigwa kwa mzunguko wa helikali (kitanda kikisogea mfululizo huku mashine ikizunguka), rudi uulize kama data ghafi, ile ya mashine kabla haijawa picha, bado ipo, watengeneze upya vipande vya milimita 1 au chini. Wahi, maana data ghafi hufutwa baada ya siku chache. Wakiwa nayo, mabishano ya linia na kyubiki yatapungua sana.

Pia usiamini unene wa kipande, tegi (0018,0050), kuwa ndio umbali kati ya vipande. Vinaweza kupishana au kuacha nafasi. Pima kwa (0020,0032), ambayo inasema kila kipande kilikaa wapi. Na uangalie (0018,1120), pembe ya mwinamo wa mashine. Wakati mwingine kichwa hupigwa mashine ikiwa imeinamishwa ili kuyakwepa macho.

Mtu_wa_Kondele:
Asanteni sana. Nimempigia mtu wa eksirei, anasema za wagonjwa wa wiki hii atazipata, za zamani hapana. Hiyo (0018,1120) kwa nyingi ni 0, lakini kuna kundi linasema -12. Inadhuru?

Eksirei_Lurambi:
Inadhuru. Kila kipande kimesogea kidogo kuliko cha chini yake, na ukikadiria kama rundo limesimama wima, kichwa kinalala upande.

Bi_Njoro:
Na ujazo pia: tumia umbali uliosimama wima juu ya kipande, si ule wa mteremko. Kwa nyuzi 12 tofauti ni kama asilimia 2. Kwa kutazama, 3D Slicer ina chaguo la kunyoosha mwinamo wakati wa kupakia DICOM. Ukiandika mwenyewe, unganisha kunyoosha na kubadili ukubwa wa vokseli, ukadirie mara moja tu, kwa sababu kila duru ya linia inafifisha picha.