Kanuni ya Einstein na nundu ya fedha: wanafunzi waambiwe au wasiambiwe?

Mleta mada, mwalimu wa fizikia, Mtwara:
Waungwana, sisi walimu wa sayansi hapa Mtwara tumegawanyika kama wanafunzi waambiwe au wasiambiwe jambo moja, nami naomba wazazi na wanafunzi nao watoe maoni. Kidato cha sita tunafundisha kwamba fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, huing'oa elektroni moja, na kwamba kila elektroni hutoka na nishati ya fotoni, ukiondoa ile iliyotumika kuing'oa. Ndivyo Einstein alivyoeleza mwaka 1905, na ndivyo mtihani unavyouliza. Sasa tazameni grafu ya metali ya fedha safi iliyopigwa eksirei zinazotoka kwenye alumini, zenye elektroni-volti (kipimo cha nishati) 1,486.6. Vilele viwili vikubwa vimesimama kwenye nishati ya mfungo, yaani inayoishika elektroni ndani ya atomu, ya takriban 368 na 374, na pembeni mwa kila kimoja, upande wa mfungo mkubwa zaidi, ipo nundu ndogo isiyotokana na ganda lolote la atomu. Hiyo ni alama ya plazmoni, yaani elektroni huru kuyumba zote kwa pamoja kama maji yaliyojaa ndani ya ngalawa. Rai yangu ni kwamba tukilinyamazia jambo hili tunafundisha kanuni iliyovunjika.

Mchangiaji, mwalimu mstaafu, Lindi:
Mwalimu mwenzangu, hakuna kilichovunjika. Elektroni ile ilipokea nishati yote ya fotoni, ila ilipokuwa ikitoka iliwatikisa wenzake na kuwaachia elektroni-volti 3.8 hivi, nasi tunaipima ikiwa imekwisha kupungukiwa. Gunia la korosho likivuja njiani, hatusemi mizani ya shambani ilikosea.

Swali lenye utamu ni kwa nini nundu hiyo ionekane waziwazi katika fedha, huku dhahabu na shaba zikiwa na mtawanyiko tu usio na umbo. Elektroni za ganda la d, mojawapo ya makundi ya elektroni ndani ya atomu, huanza kuruka kwenda ngazi ya juu zikipewa takriban elektroni-volti 2.4 katika dhahabu na 2.1 katika shaba, hivyo myumbo wa pamoja hunyonywa kabla haujasimama. Katika fedha mruko huo huanza karibu na 4, juu kidogo ya plazmoni, ndiyo maana myumbo unabaki hai. Tena elektroni hizo hizo za d ndizo zinazoishusha plazmoni ya fedha kutoka 9 hivi, ambayo hesabu ya elektroni huru peke yake ingetoa, hadi 3.8. Mwanafunzi akilielewa hilo, ataelewa pia kwa nini bangili ya dhahabu ni njano na ya fedha ni nyeupe.

Mleta mada:
Nimekubali kuhusu eksirei, mzee wangu. Nilichanganya upotevu wa njiani na mng'oko wenyewe. Hata hivyo, mwaka 2019 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, waliimulika fedha kwa leza, wakaona elektroni ambazo nishati yake ilielezwa na plazmoni badala ya fotoni peke yake. Hapo hakuna gunia lililovuja.

Mchangiaji, Lindi:
Hapo una hoja. Lakini hiyo ni leza ya mapigo makali, ambamo fotoni mbili hushirikiana, wakati sharti la mtihani ni mwanga hafifu na fotoni moja. Litaje sharti hilo, kisha fundisha yote mawili.

Mleta mada:
Grafu ya fedha nitaibandika ukutani. Maneno "kila elektroni" nimeyafuta ubaoni, nikaandika "elektroni yenye nishati kubwa kuliko zote".